Noti na maili kwa saa: namna ya kubadilisha bila kukosea

Tangazo la hali ya hewa la Kenya linasema upepo wa pwani utazidi noti 25, noti ikiwa kipimo cha mwendo cha baharini. La Tanzania linasema upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2. Simu uliyonayo mfukoni, yenye programu iliyotengenezwa Marekani, inaonyesha 28 mph, yaani maili kwa saa. Nahodha anayetoka Vanga kuelekea Pemba anaweza kukutana na namba zote tatu asubuhi moja kabla hajanywa chai. Ukizitazama juujuu, 40 ndiyo inayotisha. Kumbe huo ndio upepo mdogo kuliko yote mitatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kinachowaponza watu wazima ni kuanza kuzidisha na kugawanya kabla hawajajua namba iliyo mbele yao ni ya maili ipi. Ndiyo maana nitakaa kwanza kwenye maili, halafu kwenye kifaa, ndipo tupige hesabu.

Hatua ya 1: Tenganisha maili mbili

Maili ya nchi kavu, ile ya barabara za Uingereza na Marekani, ina mita 1,609.344. Maili ya baharini ina mita 1,852 kamili. Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa moja. Kinachoandikwa mph ni maili za nchi kavu kwa saa. Kwa kuwa maili ya baharini ni ndefu zaidi, chombo kile kile kikienda kasi ile ile kitapata namba ndogo kwa noti na namba kubwa kwa mph.

Maili ya nchi kavu haina uhusiano wowote na umbo la dunia. Ni futi 5,280, urefu uliowekwa kwa sheria ya Uingereza mwaka 1593 enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kipimo chake cha mita kikakazwa mwaka 1959 nchi zinazotumia yadi zilipokubaliana yadi moja. Maili ya baharini ilitokana na dunia yenyewe. Duara lina digrii 360, kila digrii ina dakika 60, jumla dakika 21,600, na dakika moja ya latitudo ndiyo maili moja ya baharini. Dunia si mviringo kamili, kwa hiyo dakika hiyo huwa fupi kidogo huku kwetu karibu na ikweta na ndefu kidogo kuelekea kwenye ncha. Mkutano wa kimataifa wa wapimaji bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929 ukakata shauri: iwe mita 1,852, basi. Marekani iliikubali mwaka 1954, Uingereza mwaka 1970.

Kama unajiuliza kwa nini mabaharia na marubani hawakubali kuiacha noti, fungua ramani ya bahari ya mkondo wa Zanzibar. Dar es Salaam iko karibu na 6°49′ kusini. Mji Mkongwe uko karibu na 6°10′ kusini. Toa: zinabaki dakika 39. Tayari unajua kwamba kutoka kusini kwenda kaskazini kuna maili 39 za baharini, hukugusa rula wala kalkuleta. Mji Mkongwe uko magharibi kidogo ya Dar, kwa hiyo njia inakaribia maili 40. Boti ya noti 20 itachukua saa mbili. Ukilazimisha mph hapo, kila mstari utakaopima kwenye ramani utakuwa na hesabu ya ziada ya kufanya, na kila hesabu ya ziada ni nafasi ya kukosea.

Jambo moja kuhusu ramani hiyo: maili hupimwa kwenye kipimo cha pembeni, kile cha latitudo, kulia au kushoto. Kipimo cha juu na chini ni cha longitudo. Huku kwetu ukikosea hapo tofauti ni ndogo sana, lakini mtu akizoea vibaya Mombasa ataumbuka akienda kufanya kazi kwenye bahari za kaskazini ya Ulaya.

Hatua ya 2: Soma kifaa, usikisie

Alama kt, kts na kn zote ni noti. Alama mph ni maili za nchi kavu kwa saa. Alama km/h na kph ni kilomita kwa saa. Alama m/s ni mita kwa sekunde, na hapa kuna mtego: kwenye ripoti za hali ya hewa za viwanja vya ndege, mita kwa sekunde huandikwa MPS. Mtu akiona MPS haraka haraka, macho humdanganya akadhani ni mph. Urusi na China hutumia MPS. Huku kwetu utakuta KT, kwa mfano 18012KT, maana yake upepo unatoka digrii 180, yaani kusini, kwa noti 12. Ripoti za Marekani nazo zina kituko chake: upepo uko kwa noti, lakini umbali wa kuona mbele uko kwa maili za nchi kavu, alama SM. Maili mbili tofauti, mstari mmoja.

GPS za mkononi na zile za kufunga kwenye boti huwa na menyu ya vipimo yenye makundi matatu: ya baharini, ya nchi kavu na ya mita. GPS iliyonunuliwa mtumba kutoka Marekani huja mara nyingi ikiwa kwenye kundi la nchi kavu, na hakuna kitu kwenye skrini kitakachokupigia kelele. Inasema 23, wewe unafurahi kwamba mashine inavuta.

Saa ya mwendo kwenye boti ya mtumba ni tatizo jingine, maana jua na chumvi hula maandishi mpaka inabaki mishale na namba tu. Kama huna hakika inapima nini, ipime wewe. Siku ya bahari tulivu, weka simu yenye GPS kwenye kilomita kwa saa, endesha kwa mwendo ulio sawa, usome vyote viwili kwa pamoja. Gawanya namba ya simu kwa namba ya saa. Ukipata karibu 1.85, hiyo saa ni ya noti. Ukipata karibu 1.6, ni ya mph. Ukipata 1, ni ya kilomita. Kwa mfano, simu ikisema 37 na saa ikisema 20, hizo ni noti. Saa ikisema 23, hizo ni mph.

Lakini usipime upande mmoja tu. Saa nyingi za boti hupima mwendo wa boti kwenye maji, ilhali GPS hupima mwendo juu ya ardhi. Mkondo wa noti 2 unatosha kuharibu jibu. Enda na mkondo, kisha geuza urudi ukipambana nao kwa mzunguko ule ule wa mashine, uchukue wastani.

Na kabla hatujaondoka kwenye usomaji: usiandike wala kusema "noti 10 kwa saa". Noti ni maili kwa saa tayari. Wapo wanaosema hivyo hata redioni, na msikilizaji anayeijua kazi huanza kutilia shaka kila kitu kinachofuata.

Hatua ya 3: Piga hesabu, na usichanganye njia ya kwenda na ya kurudi

Namba za kalkuleta ni hizi:

Noti kwenda mph: zidisha kwa 1.15078.
Mph kwenda noti: zidisha kwa 0.868976.

Ukizisahau, zitoe upya mwenyewe: 1852 gawanya kwa 1609.344 inakupa ya kwanza, na ukigeuza juu chini unapata ya pili. Hakuna siri nyingine.

Ukiwa usukani, mkono mmoja umeshika na mwingine unamwaga maji, kalkuleta haina maana. Kwa kichwa, noti kwenda mph unaongeza asilimia 15. Chukua moja ya kumi, chukua nusu yake, jumlisha zote. Noti 20: moja ya kumi ni 2, nusu yake ni 1, jumla 23. Noti 25: 2.5 na 1.25, jumla 28.75. Jibu halisi ni 28.77. Hata kwenye noti 100 utapata 115 wakati halisi ni 115.08. Sijaona sababu ya mtu wa boti kutaka zaidi ya hapo.

Kurudi, mph kwenda noti, ndipo watu wengi hujikwaa. Akili inasema: kama kwenda nimeongeza 15, kurudi nitoe 15. Hapana. Asilimia 15 ya namba kubwa ni zaidi ya asilimia 15 ya namba ndogo. Kurudi unatoa asilimia 13. Ona inavyoleta madhara: upepo wa 74 mph ndio mwanzo wa kimbunga kamili kwenye viwango vya Marekani, sawa na noti 64. Toa asilimia 15 unapata 62.9, umekishusha kimbunga kikawa dhoruba. Toa asilimia 13, yaani 7.4 na 2.2, unapata 64.4, na halisi ni 64.3.

Kutoa 13 kwa kichwa kunachosha, kwa hiyo mimi hupendelea kutoa thumni, sehemu moja ya nane. Ni kugawa kwa nusu mara tatu. 40 mph: 20, 10, 5. Toa 5, zinabaki noti 35. Halisi ni 34.8. 28 mph: 14, 7, 3.5; zinabaki 24.5, na halisi ni 24.3. Kosa halifiki asilimia moja, nalo daima liko upande wa kuzidisha kidogo. Kwa upepo hilo ni salama. Kwa kukadiria muda wa kufika si salama, kwa sababu utajiona una kasi kuliko uliyonayo, kwa hiyo hapo tumia 13.

Kwa wasiopenda asilimia kabisa, shika jozi chache kichwani. Noti 13 ni 15 mph. Noti 20 ni 23 mph. Noti 26 ni 30 mph. Noti 40 ni 46 mph. Namba yoyote ya kawaida ya boti au upepo itaangukia karibu na mojawapo, na unaweza kuzigawa au kuziongeza maradufu.

Hatua ya 4: Kilomita na mita kwa sekunde, kwa sababu huwezi kuzikwepa

Afrika Mashariki tunaishi kwa kilomita, kwa hiyo mazungumzo ya noti na mph lazima yapitie huko. Kilomita kwa saa kwenda noti: gawa kwa nusu, ongeza asilimia 8. Kilomita 40: nusu ni 20, asilimia 8 yake ni 1.6, jumla noti 21.6. Njia hii ni sahihi kiasi kwamba kalkuleta itakupa jibu lile lile. Noti kwenda kilomita: zidisha mara mbili, toa asilimia 7 na nusu, noti 25 ni 50 kutoa 3.75, yaani 46.25. Mph kwenda kilomita: zidisha kwa 1.6. Mita kwa sekunde kwenda noti: zidisha mara mbili, kisha ukate kidogo, kwani mita 10 kwa sekunde ni noti 19.4.

Sasa turudi kwa nahodha wa Vanga. Tangazo la Kenya: noti 25, ambazo pembeni yake huandikwa mita 12.9 kwa sekunde, sawa na 28.8 mph na kilomita 46. Simu: 28 mph, yaani noti 24.3 na kilomita 45. Tangazo la Tanzania: kilomita 40, yaani noti 21.6 na karibu 25 mph. Simu na Kenya wanasema kitu kimoja. Tanzania iko chini kidogo, lakini ukifungua kipimo cha Beaufort, kile cha madaraja ya nguvu za upepo, daraja la 6 linaanza noti 22 (21.6 ikikamilishwa ni 22) na kuishia 27, au kilomita 39 mpaka 49. Yote matatu yako kwenye daraja hilo hilo, lile la mawimbi makubwa kuanza kujijenga na povu jeupe kutanda. Kwa mwenye ngalawa au mashua ndogo jibu ni moja: leo vuta chombo juu. Mvutano wa nani katabiri upepo mkubwa zaidi hauna maana.

Ukaguzi wa haraka wa kazi yako ni huu: kwa mwendo mmoja, namba hupangika kutoka ndogo kwenda kubwa hivi: mita kwa sekunde, noti, mph, kilomita kwa saa. Ukimaliza hesabu na noti zako zimezidi mph, umegeuza. Futa uanze upya.

Jedwali la kubandika karibu na usukani:

Noti 5 = 5.8 mph = km 9.3
Noti 10 = 11.5 mph = km 18.5
Noti 15 = 17.3 mph = km 27.8
Noti 20 = 23.0 mph = km 37.0
Noti 25 = 28.8 mph = km 46.3
Noti 30 = 34.5 mph = km 55.6
Noti 34 = 39.1 mph = km 63.0
Noti 40 = 46.0 mph = km 74.1
Noti 48 = 55.2 mph = km 88.9
Noti 64 = 73.6 mph = km 118.5

Noti 34, 48 na 64 nimeziweka kwa makusudi. Kwenye Bahari ya Hindi upande wa kusini-magharibi, ndiyo mipaka ambapo dhoruba ya kitropiki huitwa ya wastani, kisha kali, kisha kimbunga kamili.

Hatua ya 5: Linganisha maili na maili kabla ya kugawa muda

Hapa ndipo kosa la noti na mph linapogeuka kuwa giza na mafuta. Muda ni umbali gawanya kwa mwendo, lakini lazima vyote viwili viwe vya familia moja. Ramani ya bahari inakupa maili za baharini. Kama GPS yako iko kwenye mph, unagawa kitu kwa kitu kisicho cha kwake.

Tuseme unatoka Dar kwenda Unguja, maili 40 kwenye ramani, na skrini inaonyesha 23. Ukigawa 40 kwa 23 unapata saa moja na dakika 44. Umeondoka saa kumi na nusu alasiri, mwezi wa Juni, jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Unajihesabia kwamba utaingia bandarini jua likiwa ndiyo kwanza linagusa maji. Lakini 23 ile ilikuwa mph. Mwendo wako wa kweli ni noti 20, safari ni saa mbili kamili, na saa kumi na mbili na nusu bado unatafuta maboya. Huku kwetu jioni haikawii, kiza kinashuka kwa dakika chache. Mashine mbili zinazokula lita 60 kwa saa zimekunywa lita 16 ambazo hukuzihesabu, nazo hutoka kwenye akiba uliyoiweka kwa ajili ya dharura.

Dawa yake ni moja kati ya mbili: badilisha mwendo uwe noti, au badilisha umbali uwe maili za nchi kavu (40 mara 1.15 ni 46, na 46 gawanya kwa 23 ni saa 2). Mimi hubadilisha mwendo, kwa kuwa ramani siwezi kuibadilisha.

Kwa upande wa upepo kuna sababu ya ziada ya kutodharau ile asilimia 15. Nguvu ya upepo kwenye tanga au ubavu wa boti haiongezeki sambamba na mwendo, huongezeka kwa mraba wake. Mtu akisikia 30 akadhani ni mph, kumbe ni noti 30, mwendo umezidi kwa asilimia 15 lakini msukumo umezidi kwa asilimia 32, karibu theluthi moja. Tanga lililopunguzwa kwa ajili ya upepo ule wa kwanza halitafaa kwa huu wa pili.

Ndege ndogo zina hadithi yao, fupi. Ndege nyingi za Marekani zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 zina saa ya mwendo yenye mph, na baadhi ya ndege hizo zinaruka hadi leo. Rubani aliyezoea kutua kwa noti 65 anatakiwa kuona 75 kwenye saa ya mph. Akiishika 65 ya saa hiyo, anakuja kwa noti 56 na nusu, polepole mno, akiusogelea mwendo ambao bawa huacha kubeba. Kugeuza kwa upande wa pili kunamleta na kasi ya kupita kiasi na njia ya kutua inamwishia. La kwanza ndilo baya zaidi.

Hatua ya 6: Sogeza tarakimu mara moja tu, mwishoni

Kila unaposogeza tarakimu, kama kuandika 29 badala ya 28.77, unapoteza kitu, na ukisogeza kila kituo cha njiani unapoteza zaidi. Mfano mzuri kuliko wote ninaoufahamu umetoka kwa wataalamu wenyewe, Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani. Kituo hicho hukadiria nguvu ya kimbunga kwa noti, kwa hatua za tano tano: 110, 115, 120. Kisha kinabadilisha kwenda mph kwa ajili ya wananchi, na jibu linasogezwa tena kwenye tano iliyo karibu. Daraja la 4 la kipimo cha Saffir-Simpson, kile kinachopanga vimbunga kwa madaraja, lilikuwa noti 114 hadi 135, yaani 131 hadi 155 mph.

Sasa chukua kimbunga cha noti 115. Kwa noti, kiko daraja la 4. Badilisha: 132.3 mph. Sogeza kwenye tano iliyo karibu: 130. Lakini 130 mph ilikuwa daraja la 3. Kimbunga kimoja, madaraja mawili, na hakuna aliyekosea kuzidisha. Ilibidi kituo kitangaze 135 mph ili daraja lisigombane na namba. Upande wa juu nako, noti 135 ni kilomita 250 kwa saa, ilhali mwisho wa daraja la 4 kwa kilomita ulikuwa 249. Mwaka 2012 wakapanua daraja la 4 kidogo huku na huku, likawa noti 113 hadi 136, au 130 hadi 156 mph, ugomvi ukaisha. Hakuna kimbunga kilichobadilika, ni mipaka iliyofuata hesabu.

Kwa hiyo ukipewa noti, zibakishe kama ulivyozipokea mpaka hatua ya mwisho. Usichukue mph iliyokwishasogezwa kutoka kwenye habari ukairudisha kuwa noti kisha ukaiandika kana kwamba ndiyo ya asili. Kutoka 130 mph ya habari utapata noti 113, na ile 115 ya mwanzo imepotea.

Wenye orodha ndefu, kwa mfano kumbukumbu za upepo za mwaka mzima, watumie Excel. Kama namba ya mph iko kwenye kisanduku A2, andika =A2*1609.344/1852, kisha vuta chini. Sababu ya kuacha namba mbili badala ya 0.868976 ni kwamba atakayekuja baada yako ataona zimetoka wapi. Excel ina pia CONVERT, unaandika =CONVERT(A2,"mph","kn"). Angalia usichague "admkn" kwenye orodha: hiyo ni noti ya zamani ya Uingereza, ya maili yenye futi 6,080. Tofauti yake na ya leo haifiki hata moja ya elfu, lakini itakuvuruga siku utakapolinganisha majedwali mawili ukashangaa desimali za mwisho hazipatani.

Kitu ambacho kubadilisha vipimo hakitakifanya

Namba mbili za kimbunga kimoja zinaweza kukataa kulingana hata baada ya kuzibadilisha sawasawa. Vimbunga vya upande wetu, kama Hidaya wa Mei 2024 aliyefika eneo la Mafia, husimamiwa na Météo-France, shirika la hali ya hewa la Ufaransa, kutoka kisiwa cha La Réunion, na upepo wao ni wastani wa dakika 10. Wamarekani hutoa wastani wa dakika 1. Dakika moja hubeba kilele ambacho dakika kumi hukisawazisha, kwa hiyo namba ya Kimarekani huwa kubwa zaidi. Hiyo si noti wala mph, usijaribu kuirekebisha kwa 1.15. Hali kadhalika, programu nyingi za simu huonyesha upepo wa kawaida na upepo wa ghafla bega kwa bega; hakikisha unalinganisha wa kawaida na wa kawaida.

La mwisho ni la kufanya leo kabla ya kutoka. Ingia kwenye menyu ya vipimo ya GPS ya boti, weka noti na maili za baharini. Ingia kwenye programu ya upepo ya simu, weka noti pia, kwa sababu karibu zote hukuruhusu kuchagua. Saa ya mwendo ambayo huwezi kuibadilisha, bandika kipande cha plasta pembeni yake na uandike kwa kalamu isiyofutika inapima nini, pamoja na namba mbili unazozitumia zaidi: 23 = noti 20, 29 = noti 25. Plasta hiyo ibadilishe kila maandishi yanapoanza kufifia.